Binamu Anasema Ushirazi Wetu Ni wa Kupewa. Je, DNA Itaamua?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Vanga, kule Kwale mpakani na Tanzania. Sasa naishi Leicester, Uingereza, nafanya kazi ya uuguzi. Jina langu la mwisho kwenye pasipoti ni Shirazi. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba mkuu wa ukoo wetu alitoka Shiraz, kule Uajemi (Iran ya leo), kwa jahazi, akashukia Vumba, mji wa kale wa jirani, akaoa na kuzaa hapo. Baba alishafariki, Mungu amrehemu, na mkubwa wetu sasa ni ami yangu. Yeye ndiye anayetunza shajara ya ukoo: karatasi moja iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, imekunjwa hata inaachana kwenye mikunjo, na pembeni ina doa la mafuta ya taa. Majina yanashuka 13, kutoka kwa huyo babu wa Shiraz hadi kwa babu mzaa baba. Ami huiweka ndani ya kasha chini ya kanzu zake za Idi, na haitoi mpaka kuwe na msiba au harusi kubwa.

Mwaka jana nilinunua kipimo cha DNA, kile cha kutemea mate kwenye kichupa. Nilitaka kujua asili ya jina letu. Majibu yalikuja hivi: Afrika asilimia 91, Bara Arabu 6, India 3. Uajemi haimo kabisa. Niliyatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nikidhani watu watafurahia habari mpya.

Shangazi, tangu siku hiyo hatuna amani. Tuna binamu yuko Dubai. Siku zote tumejua kwamba baba wa babu yake na baba wa babu yangu walikuwa ndugu wa baba mmoja. Akatuma ujumbe mrefu wa sauti akisema sasa ukweli umejitokeza: baba wa babu yangu hakuwa ndugu ya mtu, alikuwa mzalia, mtoto wa watumwa wa nyumba ile, akaachwa huru Waingereza walipofuta utumwa pwani, akabaki na jina la bwana wake. Kwa hiyo Ushirazi wetu ni wa kupewa. Akaongeza kwamba lile shamba la minazi ambalo wazee waliliweka wakfu kwa ajili ya ukoo, sisi hatuna fungu ndani yake.

Mama alilia. Yeye ni Mdigo na maneno ya pembeni ya nani ni nani ameyazoea, lakini hakuwahi kusikia wanawe wakiambiwa hivyo mbele ya ukoo mzima. Kaka yangu, anayefanya kazi bandarini Mombasa, yuko tayari kupimwa lakini anamwogopa Ami. Ami naye amesema vipimo ni fitna na hataki kusikia habari za mate ya mtu. Mwezi ujao anakuja huku kwa harusi ya binti yake na atalala kwangu. Moyo unanituma nichukue mswaki wake niupeleke maabara bila kumwambia, maneno yaishe.

Naomba unishauri. Je, kipimo changu kimethibitisha kwamba sisi si Washirazi? Nimpime Ami kwa siri? Na ikithibitika kwamba sisi ni kizazi cha mtumwa, jina nilivue?

Binti wa Vanga, Leicester

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa machozi ya mama.

Mswaki wa ami yako uache pale pale bafuni. Huko uliko kuna sheria ya mwaka 2004 inayosimamia tishu za binadamu, na kifungu chake cha 45 kinasema ni kosa la jinai kuwa na kitu kilichotoka mwilini mwa mtu kwa nia ya kuchambua DNA yake bila idhini yake. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 3. Wewe ni muuguzi mwenye leseni. Kazi yote uliyoisomea ingekwenda na mswaki mmoja. Kenya nayo, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inaziweka taarifa za vinasaba kwenye fungu la taarifa nyeti. Tanzania ina sheria yake ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Hata pasingekuwa na sheria, yule ndiye baba uliyebaki naye. Ukimchukulia kitu cha mwilini mwake akiwa mgeni wako, majibu yakiwa mazuri namna gani hutapata wa kuyapokea. Na kwa kweli jambo lenyewe halimhitaji. Unachokitafuta kwa ami yako, kaka yako anacho vile vile, nitakueleza kwa nini.

Kwanza hicho kipimo chako. Kilipima mchanganyiko wa damu yako yote, upande wa baba na upande wa mama, bila kujali jina linapitia wapi. Baba alikupa nusu, mama akakupa nusu, nao walipewa hivyo hivyo na wazazi wao. Ukirudi nyuma vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Mgao unapokatwa nusu kwa nusu kila kizazi, wengi katika hao hawakukuachia hata kipande kimoja kinachoonekana. Ni wako, lakini damu yao haisomeki tena ndani yako. Babu wa Shiraz, kama aliishi na kama ni wako kweli, ni mmoja kati ya watu hao, pengine wa mbali zaidi ya hao. Sifuri ya Uajemi haimfuti, kama ambavyo asilimia 5 ya Uajemi isingemthibitisha.

Tena kampuni hizi hazina mizani ya asili ya mtu. Zinakulinganisha na watu walio hai ambao sampuli zao ziko kwenye hifadhi ya kampuni, na watu wa pwani yetu ni wachache mno humo. Kipande chako kikifanana zaidi na cha mtu wa Oman kuliko cha mtu wa Shiraz, kinaandikwa Bara Arabu. Kesho kampuni ikiongeza sampuli, asilimia zinabadilika na wewe ni yule yule. Hiyo 6 inakaribia fungu la mtu mmoja kati ya 16 walio juu ya babu na bibi wa wazazi wako. Yaweza kuwa imetoka kwa baba, kwa mama, au imekusanyika kidogo kidogo kutoka kwa wengi. Kipimo chako peke yake hakisemi.

Binamu yako hakulijua jambo jingine alipotuma ile sauti yake. Wewe ni mwanamke. Mstari unaobeba jina la ukoo, baba kwa mwana kwa mjukuu, unafuatwa kwa kromosomu Y, na wewe huna. Baba yako alimpa kaka yako, hakukupa wewe. Kromosomu hiyo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika, ila hitilafu ndogo ndogo za hapa na pale ambazo wataalamu huzihesabu. Kwa hiyo kaka yako, marehemu baba yako, ami yako na babu yenu wana ile ile. Binamu ametoa hukumu juu ya mstari wa baba kwa karatasi ya mtu ambaye mstari huo haumo mwilini mwake. Hapo hapo hoja yake imeanguka, na unaweza kumwambia hivyo kwa adabu bila kusubiri maabara yoyote.

Sasa jina. Mji unaoishi ndio mahali pazuri pa kulielewa. Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Alec Jeffreys aligundua namna ya kumtambua mtu kwa DNA. Mwaka 2009, Turi King na Mark Jobling wa chuo hicho hicho wakachapisha utafiti juu ya majina ya ukoo ya Waingereza: wanaume 1,678 wenye majina 40. Katika majina adimu, kama Attenborough, karibu wanaume 9 kati ya 10 walikuwa na mstari mmoja wa baba, kana kwamba wote wametoka kwa mtu mmoja aliyelianzisha jina. Katika jina Smith hapakuonekana chochote cha namna hiyo. Smith maana yake ni mhunzi. Mhunzi alikuwepo kila kijiji, na kila mhunzi alianzisha akina Smith wake.

Kwa maoni yangu, Shirazi kwa pwani yetu iko karibu na Smith kuliko Attenborough. Kuna Washirazi wa Vanga na Wasini, wa Tumbatu na Pemba, wa Kilwa, wa Visiwa vya Ngazija. Kuna waliojiita hivyo kwa sababu ya masimulizi ya wazee. Kuna waliojiita hivyo kusema kwamba wao ni wenyeji wa hapa tangu zamani na hawakuletwa na mtu. Zanzibar jina hilo liliingia hata kwenye siasa: chama cha Afro-Shirazi kilianzishwa 1957. Halafu kuna dirisha la vitambulisho. Wazee wetu walijulikana kwa fulani bin fulani bin fulani, na walipoulizwa jina la tatu au la mwisho ndugu mmoja aliandikisha jina la babu, mwingine akaandikisha Shirazi. Uliza nyumbani ni nani wa kwanza kuandika hilo jina kwenye karatasi ya serikali. Huenda ukakuta ni babu yako, na kabla yake halikuwa jina la mwisho la mtu yeyote. Hakuna kipimo kinachoweza kufuata jina ambalo karani aliliandika miaka ya juzi. Kinachofuatika ni mstari wa baba tu.

Hata hivyo usidhani kwamba hadithi ya Shiraz ni porojo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti mkubwa ambao mmoja wa viongozi wake ni mwanaakiolojia Mkenya, Chapurukha Kusimba. Walisoma DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya kale ya pwani: Manda, Faza, Mtwapa, Songo Mnara, Kilwa, Lindi. Walichokikuta kimenigusa. Katika wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya damu ilitoka kwa Waafrika, hasa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na katika hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, pamoja na kiasi cha Kihindi. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Baada ya 1500 hivi, damu mpya ya Asia iliyokuwa ikiingia ikawa zaidi ya Uarabuni. Kwa hiyo waliosimulia habari za Waajemi waliofika kwa vyombo na kuoa hapa hawakuzua. Bali hao ni watu wa makaburi yale, wengi wa tabaka la juu la miji ile. Watu wa pwani walio hai leo wanatofautiana sana. Hakuna anayeweza kuisoma nyumba yake moja kwa moja kutoka kwenye utafiti huo.

Chukua sasa ile shajara yenu. Majina 13 hadi kwa babu. Tuseme babu alizaliwa karibu 1920, na kila kizazi tukipe miaka 30. Kutoka kwake hadi kwa jina la juu kabisa kuna hatua 12, yaani miaka 360, na hapo tunafika karibu 1560. Huo si wakati wa Waajemi wa mwaka 1000. Ama majina mengi yamerukwa, maana waandishi wa shajara huwashika wenye sifa na kuwaacha wasio na sifa, ama mtu wa juu kabisa ni mgeni wa baadaye, wa zama ambazo wageni wengi walitoka Uarabuni. Vyote viwili vinawezekana na hakuna hata kimoja kinachomvunjia mtu heshima. Lakini ukiyajua haya hutashangaa kipimo cha mstari wa baba kikija na jibu la Uarabuni badala ya Shiraz.

Swali ambalo kwenu linapimika ni moja: je, kaka yako na binamu wa Dubai wanatokana na mwanamume mmoja, baba kwa baba? Ili kulijibu wapime wote wawili kipimo cha kromosomu Y, si hicho cha asilimia. Kampuni inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni FamilyTreeDNA ya Houston, Marekani, na sampuli ni kijiti cha pamba cha kusugulia ndani ya shavu. Wasome alama zisizopungua 37, yaani sehemu za kromosomu zinazolinganishwa, na 111 ni bora zaidi. Alama chache hudanganya. Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini wana masimulizi kwamba wazee wao walitoka ng'ambo, kwa Wayahudi. Mwaka 2000 watafiti walikuta katika mbari yao ya Buba aina ya kromosomu Y inayoonekana sana kwa makuhani wa Kiyahudi, na dunia ikashangilia. Mwaka 2013 uchunguzi mwingine ukatumia alama nyingi zaidi, na ule ufanano wa karibu kwa sehemu kubwa ukatoweka. Kilichosimama ni kwamba baadhi ya mababu wa kiume walitoka pande za Mashariki ya Kati, na njia yao yaweza kuwa ile ile ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi.

Wakipewa tawi la J, moja ya makundi makubwa ya mistari ya baba duniani, msikimbilie Shiraz. Lipo Uajemi, lipo Uarabuni, linafika mbali zaidi ya huko. Wakipewa tawi la E lenye alama ya M2, hilo ndilo la wanaume wengi wanaozungumza lugha za Kibantu, na laweza kuwa la Mshirazi yeyote ambaye Ushirazi wake ulipitia kwa bibi. Muhimu ni kama wawili hao wanafanana wao kwa wao.

Wakifanana, maneno ya binamu yamekwisha. Wasipofanana, bado hajashinda. Kukatika kwa mstari kunaweza kuwa upande wenu au upande wake: mtoto aliyelelewa na baba wa kambo, yatima aliyechukuliwa na mjomba, jambo la siri la bibi mmoja ambaye Mungu alishamsitiri. Hapo anatakiwa mwanamume wa tatu, wa tawi jingine la shajara lililotengana nanyi zamani zaidi, ndipo ijulikane ni upande gani umeachana na wengine. Mwambie binamu hilo kabla hajafungua mdomo kwenye kijiti. Anayetaka kumpima mwenzake hujipima na yeye.

Kile kipimo chako cha asilimia nacho kina sehemu ya kuonyesha jamaa. Binamu wa daraja lenu, mnaokutana kwa baba wa baba wa babu, huonekana kushiriki vipande vya DNA katika kama mara 9 kati ya 10. Lakini Vanga watu wameoana binamu kwa binamu miaka mingi. Mkishiriki vipande huenda vimetoka kwa bibi fulani mwingine kabisa, kwa hiyo msikitegemee kwa neno zito kama hili.

Kuna kesi moja ya Marekani ambayo nataka uijue, kwa sababu ni ya utumwa na ya jina, kama yenu. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa nchi ile, alikuwa na mtumwa wa nyumbani aitwaye Sally Hemings. Kwa miaka karibu 200 kizazi cha Sally kilisema kinatokana na Jefferson, na wakubwa wakakikana. Mwaka 1998 daktari Eugene Foster na wenzake walilipima. Jefferson hakuacha mstari wa wana wa kiume kwa mkewe, kwa hiyo walitumia wanaume wa kizazi cha Field Jefferson, ami yake upande wa baba. Kromosomu yao ikafanana na ya mwanamume wa kizazi cha Eston Hemings, mwana wa mwisho wa Sally. Familia nyingine, ya akina Woodson, nayo ilikuwa na masimulizi kama hayo kwa miaka mingi, yao haikufanana. Na hata kwa Eston, DNA ilisema tu kwamba baba yake alikuwa mwanamume wa ukoo wa Jefferson. Aliyemtaja Thomas ni karatasi: kumbukumbu zinazoonyesha kwamba alikuwepo nyumbani kwake Monticello kila wakati ambapo Sally alishika mimba. Damu ilihitaji nyaraka, na nyaraka zilihitaji damu.

Rudi sasa kwa baba wa babu yako. Binamu anasema alizaliwa na watumwa wa nyumba ile. Sawa, mama yake alikuwa nani? Kwenye nyumba zile palikuwa na masuria, yaani watumwa wa kike walioishi na bwana kama wake. Mtoto ambaye bwana amezaa na suria wake na kumkubali, kwa sheria ya Kiislamu ni huru tangu kuzaliwa, ni wa baba yake kwa nasaba, anarithi sawa na watoto wa mke. Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Salme, dada yake, mama yake alikuwa suria kutoka kwa Wacherkesi, watu wa milima ya Kaukazi. Hakuna aliyewaambia kwamba Ubusaidi wao, yaani ukoo wao wa kisultani, ni wa kupewa. Watu wakikumbuka nusu ya habari, mtoto wa suria hugeuka kuwa mtoto wa mtumwa, na baada ya vizazi vitatu baba yake anasahauliwa. Hilo laweza kuwa ndilo lililotokea kwenu, na kipimo cha Y kitalionyesha.

Na huenda binamu amesema kweli tupu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, hadhi ya utumwa ikaondolewa kisheria Unguja na Pemba 1897, na kwetu pwani ya Kenya ikaja kuondolewa 1907. Mtu aliyezaliwa miaka ya 1880 anaingia humo humo. Wengi walioachwa huru walibaki karibu na nyumba walizozijua na kushika nasaba za mabwana zao, kwa sababu mtu asiye na ukoo hakuwa na wa kumdhamini, wa kumwozesha wala wa kumzika. Mwaka ule wa 1907 mabwana walipewa nafasi ya kudai fidia serikalini kwa watumwa wao, na madai yaliandikwa. Ukipata nafasi, ulizia kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi. Ulizia pia madai ya ardhi yaliyotolewa chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, maana humo watu wa pwani walijitaja wao na baba zao mbele ya mashahidi.

Umeniuliza kama jina ulivue. Usilivue, mwanangu. Kama baba wa babu yako alikuwa mzalia, basi alilipata jina hilo kwa kazi na kwa miaka, akaoa nalo, akazaa nalo, akazikwa nalo, na kizazi chake kimelibeba mbele ya watu zaidi ya miaka 100. Aibu ya utumwa ni ya aliyenunua. Inaniuma mno kuona katika zama hizi kijana wetu amekaa Dubai anatumia neno mzalia kumtoa ndugu yake shambani, ilhali minazi ile, kama habari yake ni kweli, huenda ilipandwa na mikono ya huyo huyo anayemtukana.

Habari ya shamba isiamuliwe kwa mate wala kwa ujumbe wa sauti. Wakfu una hati, na hati hutaja walengwa na namna ya kugawa. Nendeni Kamisheni ya Wakfu, Mombasa, muulize kama imesajiliwa, muisome maneno yake. Kama walengwa wametajwa kwa majina na baba wa babu yako yumo, mazungumzo yameisha. Kama kuna utata, Mahakama ya Kadhi ipo. Huko watatazama pia kwamba nyumba yenu imepokea fungu lake miaka yote bila mtu kupinga, na kwamba wazee waliomjua mzee yule kwa macho walimwita ndugu.

Kabla kaka yako hajapima, aambiwe mambo mawili. Kipimo chaweza kufichua jambo la karibu ambalo hakulitafuta, hata la mzazi wake, na likishajulikana halirudi ndani. Na DNA ikishatoka mkononi mwake iko kwenye mashine za watu. Mwaka 2023 wadukuzi walipata taarifa za wateja kama milioni 6.9 wa kampuni ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, wateja wakabaki wakiuliza taarifa zao zitakwenda kwa nani. Asome masharti, azime sehemu ya kuonyeshwa kwa jamaa asiowajua, aombe sampuli iharibiwe baada ya majibu.

Kisha Ami. Majibu ya kaka yako yatakuwa ni ya Ami pia, maana Y yao ni moja, kwa hiyo ana haki ya kusikilizwa hata kama hatoi mate. Akifika kwako mpumzishe, harusi ipite. Usianze na habari ya maabara. Mwombe kwanza aje na shajara, au kama haipandi ndege, amruhusu kaka yako aipige picha Vanga: mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, mbele na nyuma, na kila mkunjo peke yake. Karatasi ile inazidi kuachana, na huenda ni yeye peke yake anayeweza kuisoma yote. Mrekodi akiisoma jina kwa jina. Kila jina muulize: huyu mke wake alikuwa nani, wa wapi, binti wa nani? Shajara zetu huwaandika wanaume, na katika hao wake huenda ndimo alimo mama wa yule anayeitwa mzalia. Mama yako mzazi naye muulize fuko lake la Kidigo, yaani ukoo wa upande wa mama. Hilo linapita kwa wanawake, na wewe ndiye unayelibeba.

Akishasoma, mweleze kama ulivyonieleza mimi: kilichosemwa na binamu, machozi ya mama, na kwamba kaka yako yuko tayari. Mwache ajibu kwa wakati wake. Akikubali, amwite binamu wa Dubai yeye mwenyewe, kwa sauti ya mkubwa wa ukoo, na wapime wote wawili siku moja. Akikataa, kaka yako asitume chochote; nendeni kwenye hati ya wakfu kwanza, na swali la kipimo mlirudie Ami atakapokuwa tayari.